Anatazama kikombe, anageuza uso, ndipo anashika: shida ni mkono au kuona?

Mwezeshaji_Jamii
Salaam wadau. Nauliza walio kwenye tiba kwa vitendo na macho. Mtoto ana miaka mitatu na nusu, njiti wa wiki 31, mtindio wa ubongo. Miguu yote imekakamaa, mikono kiasi, wa kulia zaidi. Ukimwekea kikombe mezani anakitazama, anageuza uso pembeni, ndipo mkono unaenda, na mara nyingi unakipita au kukiangusha. Kilicho chini ya kifua chake ni kama hakipo. Kliniki ilisema macho mazima. Nyumbani anaambiwa "angalia unachoshika!" mpaka analia. Miezi minne ya mazoezi ya mkono haijaleta kitu. Tuanzie wapi?

TibaVitendo
Hiyo "angalia unachoshika" iachwe leo hii. Mtoto wa namna hii si mkaidi. Kuona kunamchosha, kuongoza mkono kunamchosha, na ubongo haumudu yote mawili kwa pamoja, hivyo anayafanya kwa zamu. Ukimlazimisha akaze macho, mkono ndio unaokwama.

Historia uliyotoa inaendana. Kwa njiti, mara nyingi panapoumia ni pembeni mwa vyumba vya maji ndani ya ubongo. Nyuzi zinazoendesha miguu zinapita hapo, na nyuma kidogo zinapita nyuzi za kuona, hasa zile zinazobeba nusu ya chini ya tunachokiona. Ndiyo maana kikombe cha mezani kinapotea, na ndiyo maana jicho lenyewe likipimwa linaonekana zima.

Lakini usikimbilie hapo kabla hujaondoa sababu nyingine. Mtoto akigeuza kichwa, mkono wa upande anaotazama unaweza kunyooka na wa upande wa kisogo kukunjika, ile hali ya mpiga upinde ambayo kwa watoto wengi huisha ndani ya miezi ya mwanzo. Ikibaki, mtoto hugeuza uso ili mkono ukubali kukunjika. Kutofautisha: mkalishe, kichwa kishikiliwe katikati, kitu kiwe mbele ya pua, au mlaze ubavu. Akishika vizuri bila kugeuka, shida kubwa ilikuwa kichwa. Akiendelea kugeuka, na hali ikizidi penye kelele au vitu vingi, ni kuona.

Kisha pima anaona wapi. Mmoja akae mbele amshughulishe kwa uso wake, kimya. Wa pili, aliye nyuma ya mtoto, alete mpira mwekundu wa ukubwa wa limau kutoka kulia, kushoto, juu, chini, sentimita 30 hivi kutoka usoni. Usiwe na kengele, maana utapima masikio. Kila upande mara tatu, na uhesabu kimoyomoyo hadi 20 kabla ya kusema hajaona. Wengi wanaoitwa "haoni" walinyimwa sekunde 10 tu.

Na mama avue kitenge! Kanga, kitenge na mkeka wa rangi nyingi ni msitu kwa mtoto huyu. Kitu kinazama humo. Tandika kitambaa cheusi kisicho na maua, weka kitu kimoja, rangi moja, njano au nyekundu. Kitikise kidogo, maana baadhi huona kinachotembea kabla ya kilichotulia, halafu kitulize ashike. Uji mweupe kwenye bakuli jeupe ni kosa lile lile.

MachoWatoto
Naongezea kuhusu "macho mazima". Uliza kilipimwa nini. Kuangalia ndani ya jicho na kukuta hakuna mtoto wa jicho si kupima miwani. Watoto wenye mtindio wa ubongo wana makengeza na uhitaji wa miwani zaidi kuliko wenzao, na wengi macho yao hayajirekebishi kuona cha karibu: sura ya mama mita moja anaiona, kijiko sentimita 25 ni ukungu. Kipimo cha kuona karibu kifanyike KABLA ya matone ya kupanua mboni, kwa sababu matone hulegeza msuli wa jicho unaorekebisha kuona cha karibu. Baada ya matone ndipo wapime namba ya miwani. Hapa hukosewa sana: mtoto anafika, anawekewa matone mlangoni, na cha karibu hakipimwi tena siku hiyo. Kwa Dar, hospitali ya CCBRT ina macho na utengamao wa watoto. Kaskazini kuna hospitali ya KCMC, Moshi.

Kama ana kifafa, msicheze na tochi zinazomulika-kuzima. Dirisha liwe nyuma ya mtoto, si nyuma ya kikombe.

Fundi_Viti
Bila kiti, hayo yote ni bure. Kina cha sehemu ya kukalia: pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, toa sentimita 3. Urefu: kutoka goti hadi kisigino, nyayo zikanyage. Meza iwe usawa wa kiwiko, ikatwe nusu duara mbele ya tumbo ili viwiko vyote vilale juu. Maboksi yaliyogandishwa kwa gundi ya unga yanafaa, ila kila tabaka likauke juani kabla ya jingine, vinginevyo kiti kinapinda na kuota ukungu. Meza ipakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Vanishi inarudisha mwanga usoni.

Mwezeshaji_Jamii
Asanteni. Tumepima: chini haoni, juu na pande zote mbili anaona. Je, tuviinue vitu hadi usawa wa macho? Na kuna aliyeshauri tufunge mkono wa kushoto ili wa kulia ufanye kazi.

TibaVitendo
Usawa wa macho hapana. Ataona, lakini kuinua mkono hadi hapo kunakaza bega, na ngumi inajifunga. Ndipo macho na mkono vinapogombana, na inabidi kila kimoja kipungukiwe kidogo. Inamisha meza nyuzi 20: kama ina kina cha sentimita 40, inua ukingo wa mbali sentimita 14. Vitu vitateleza, hivyo gundisha kipande cha tyubu ya pikipiki. Kinashika na ni cheusi tayari. Kitu kikae katikati, sehemu ya juu ya meza.

Akiangalia, ngoja. Akigeuka, usiseme neno, kitu kibaki pale pale, kwa sababu anakwenda kwa kumbukumbu ya alipokiona. Ukikisogeza ili "kumsaidia" umemharibia. Msaada uwe nyuma ya kiwiko, usiubebe mkono kwa kuushika juu. Ngumi ikiwa imefungwa usivute vidole: kunja kifundo cha mkono taratibu, toa dole gumba kuanzia shinani, vidole vitalegea. Dakika 10, mara tatu kwa siku, akiwa ameshiba na ameamka vizuri. Akipatia mara nane kati ya kumi, ongeza kitu cha pili, siyo kabla.

Kufunga mkono: hapana kwa huyu. Njia hiyo ni ya aliyeathirika upande mmoja. Mikono yake yote miwili imeguswa, na wa kushoto ndio unaomlisha. Mpe kazi za mikono miwili: kopo na kifuniko, mpira mkubwa, kushika bakuli kwa kulia huku kijiko kikiwa kushoto.

MachoWatoto
Na kwa atakayesoma akiwa na mtoto aliyeathirika upande mmoja: kabla ya kuufunga mkono mzuri kwa soksi, pima kwanza anaona pande zipi. Ubongo ukiumia kushoto, mkono wa kulia huathirika, na nusu ya kulia ya kuona inaweza kupotea kwa macho yote mawili. Weka kitu upande anaoona, mfundishe kugeuza kichwa, ndipo umdai mkono.