Nyumba ya Mama: gumzo la familia, Mama akiwa kwenye kemo (dawa za saratani)

Rehema: Habari za jioni nyote. Leo Mama amekunywa uji wa wimbi nusu kikombe na nduma kidogo. Shida ni harufu. Jirani akikaanga omena tu, Mama anaomba karai.

Shangazi Nafula: Pole mwanangu. Kwani hakupewa dawa ya kuzuia kutapika?

Rehema: Alipewa, Shangazi. Lakini anangoja mpaka kichefuchefu kianze ndipo ameze.

Lilian: Hapo ndipo panapoharibika. Ameze kabla ya kula, kwa saa alizoandikiwa, hata akijisikia vizuri. Kichefuchefu kikishapanda, tembe yenyewe inatoka. Na chakula kiwe kidogo kidogo, kikiwa kimepoa, maana cha moto ndicho kinachonukia. Hiyo dawa hufunga choo pia, kwa hiyo maji na papai visikosekane.

Baraka: Wiki jana alinipigia akilia kwamba anakojoa damu. Nikakosa la kusema.

Lilian: Haikuwa damu, ni ile dawa nyekundu ya dripu. Mkojo hubadilika rangi siku moja au mbili, kisha hurudi. Ukizidi hapo, tunamwambia daktari.

Shangazi Nafula: Mimi nimechuma mwarubaini na majani ya kusafisha damu. Natuma na matatu kesho asubuhi.

Lilian: Shangazi, najua ni mapenzi. Naomba yakae kwanza. Kemo inapitia kwenye ini, na miti shamba mingine inaweza kuliumiza ini au kuvuruga dawa. Hatuwezi kubahatisha na Mama. Tutumie kuku.

Shangazi Nafula: Basi, kuku wawili watakuja. Na kina mama wa kanisa wanataka kuja Jumamosi kumwombea.

Lilian: Wiki hii ndiyo mbaya zaidi. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu hushuka sana, mwili unabaki bila askari. Waje wawili watatu, wakae nje, wanawe mikono. Anayekohoa aombe akiwa kwake.

Mjomba Wekesa: Mgonjwa hafungiwi mlango, Lilian. Watu watasema tumemficha dada yangu.

Lilian: Wacha waseme, Mjomba. Nitawaeleza mimi mwenyewe.

*23:42*

Rehema: Mama anatetemeka chini ya blanketi mbili. Themomita inasema 38.4. Nimpe Panadol alale?

Lilian: USIMPE. Itashusha joto, maambukizi yaendelee ndani bila sisi kujua. Mtu wa kemo akifika 38 ni dharura, hata akisema yuko sawa. Hospitali sasa hivi, si kesho.

Rehema: Anakataa. Anasema tusisumbue watu usiku.

Mjomba Wekesa: Mwambie nimeshawasha gari, natoka Kondele. Mvalishe sweta.

Lilian: Asante Mjomba. Rehema, beba kadi ya kliniki na dawa zake zote. Ukifika, neno la kwanza liwe: "Yuko kwenye kemo na ana joto la 38.4." Usikae kwenye foleni ukisubiri kuulizwa.

*01:20*

Rehema: Tuko Russia, hospitali ya rufaa ya hapa Kisumu. Wametoa damu ya kupima na ameanza kuwekewa antibayotiki kwa mshipa. Daktari amemulika mdomoni, ana vidonda mpaka kooni. Kumbe ndiyo maana anasukuma sahani, na hakusema.

Shangazi Nafula: Mungu wangu. Nilitaka kumtumia magadi asukutue.

Lilian: Magadi yatamchoma, Shangazi. Robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, asukutue kila baada ya kula na kabla ya kulala, ateme. Mswaki uwe laini. Machungwa na pilipili viondoke mezani kwanza.

Mjomba Wekesa: Shemeji Nafula, waambie wa kanisa Jumamosi haipo.

Shangazi Nafula: Nawapigia kukipambazuka.

Baraka: Napanda matatu ya alfajiri kutoka Nakuru. Nije na nini?

Rehema: Mswaki laini na themomita nyingine, hii betri inaisha. Na uje moja kwa moja hapa, funguo za nyumba ninazo mimi.