Kusoma upya One Piece tangu sura ya 1: tugaweje, na safari hii tuangalie nini?

PamaLaShangani
Wakuu, salamu. Sisi ni kundi la wasomaji hapa Mtwara mjini, na wenzetu wengine wako Lindi na Masasi. Tumekubaliana kuisoma upya One Piece yote kuanzia mwanzo, ile manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya Eiichiro Oda kuhusu Luffy, nahodha wa maharamia, na wenzake. Wengi walishaisoma, wengine waliishia vita vya Marineford wakahamia kwenye anime (katuni ya televisheni), na mmoja hajawahi kuigusa kabisa. Sura zimeshavuka 1,100, hivyo bila mpango watu watakatika njiani. Tunaanza Januari, kwa sababu kuanzia Oktoba nusu ya kundi wako kwenye korosho. Naomba ushauri wa mambo matatu: tugawe vipi kwa wiki, tusomee wapi kihalali, na kitu gani hasa mtu akiangalie akisoma mara ya pili ambacho mara ya kwanza hakionekani. Wapo wanaotaka turuke Skypiea, kisa cha kisiwa cha angani. Mnasemaje?

(Tahadhari: majibu yatafichua kisa. Mgeni wetu nimemwambia asifungue.)

MikindaniKusini
Mkuu, msigawe kwa juzuu. Gaweni kwa visa, maana Oda hufunga mafundo mwishoni mwa kisa, na mkijadili Enies Lobby ikiwa nusu mtabaki kubishana juu ya mambo ambayo sura kumi mbele yanajibiwa.

Mipaka ni hii: East Blue sura 1 hadi 100, Alabasta na visiwa vinavyoitangulia 101 hadi 217, Jaya na Skypiea 218 hadi 302, Water 7 na Enies Lobby pamoja na viporo vyake 303 hadi 441, Thriller Bark 442 hadi 489, kisha kuanzia Sabaody hadi mwisho wa mambo ya Marineford 490 hadi 597. Hapo ndipo miaka miwili inarukwa. Upande wa pili: Kisiwa cha Watu-Samaki 598 hadi 653, Punk Hazard na Dressrosa 654 hadi 801, Zou na Whole Cake 802 hadi 902, Levely na Wano 903 hadi 1057, Egghead 1058 hadi 1125, halafu Elbaph.

Makundi mengi yanavunjika kwa kupanga idadi moja ya sura kwa wiki zote. East Blue ina visanduku vikubwa na maneno machache, sura 50 kwa wiki zinakwenda bila jasho. Wano ukurasa mmoja una watu kumi na wote wanaongea. Mkiiendea kwa kasi ile ile, watu wataanza kupitisha macho tu. Kwa hiyo East Blue 50 kwa wiki, kutoka 101 mpaka 653 nendeni na 30, Dressrosa 20, Whole Cake 25, Wano 20. Mkianza wiki ya kwanza ya Januari, Wano mnaimaliza katikati ya Oktoba, minada ya korosho ikianza kupamba moto. Egghead isubiri msimu upoe.

Na Dressrosa msiiogope. Sifa yake mbaya ilitokana na kuisoma sura moja kila wiki kwa zaidi ya miaka miwili. Ukiisoma kwa mkupuo inashikana vizuri, ila mtu mmoja aandike orodha ya wapiganaji wa uwanjani, block A hadi D, la sivyo ikifika sura ya 770 hakuna anayekumbuka nani ni nani.

BandoLaUsiku
Nijibu la kusomea. MANGA Plus, huduma ya mtandaoni ya Shueisha, wachapishaji wa Kijapani, inafunguka Tanzania. Kwenye tovuti utapata bure sura tatu za mwanzo na tatu za mwisho tu. Kwenye programu ya simu, kwa Kiingereza, sura za katikati nazo zinasomeka bure, lakini kila sura mara moja tu. Ukitaka kuirudia, unalipia. Hili lina madhara kwenu: mtu akifungua sura "kuchungulia" asubuhi akaifunga, jioni kwenye mjadala hana kitu. Anzeni sura mkiwa na muda wa kuimaliza, na daftari liwe mkononi. Andika namba ya sura na ya ukurasa papo hapo.

Wanaotaka karatasi, Viz, wachapishaji wa toleo la Kiingereza, wana maboksi yakiwemo haya: juzuu 1 hadi 23, 24 hadi 46, 47 hadi 70, na 71 hadi 90. Boksi moja mkilinunua kwa mchango linazunguka watu wote. Jueni tu kwamba toleo hilo linamwandika Zoro, mpiga panga wa Luffy, kuwa "Zolo", mgeni wenu asidhani ni watu wawili.

Mgeni huyo afundishwe kusoma kutoka kulia kwenda kushoto, na ndani ya kisanduku pia, mapovu ya maneno yanaanzia kulia. Asipojua hilo atasoma jibu kabla ya swali na ataona mazungumzo hayana kichwa wala miguu. Kurasa zinazochorwa kwa upana wa kurasa mbili, laza simu. Ukiziangalia zimesimama unaona nusu ya picha, na Oda huweka watu muhimu pembeni kabisa.

Na walioishia Marineford wakahamia kwenye anime wasidai kwamba sehemu za mwanzo wanazijua. Kisa cha Zeff, mpishi wa mgahawa wa Baratie aliyemlea Sanji, mpishi wa Luffy, ni mfano mmoja: kwenye manga aliukata mguu wake mwenyewe akaula, ili chakula chote abaki nacho Sanji mdogo. Kwenye anime mguu unapotea akimwokoa mtoto majini. Uzito wa deni la Sanji unabadilika kabisa.

KorongoLaLindi
Hapo kwenye "tuangalie nini" ndipo raha ilipo. Anzeni na kurasa za mbele za sura. Watu wanazipita kama mapambo, wakati nyingine ni visa kamili. Za sura 182 hadi 228 zinamfuata Hachi, yule pweza wa Arlong. Ukiziruka, utakapomkuta Hachi karibu na Sabaody utashangaa huyu muuza takoyaki katoka wapi. Za 272 hadi 305 ni Ace akimsaka Blackbeard, na za 428 hadi 474 zinampeleka Enel mwezini. Mpeni mtu mmoja kazi hiyo tu: kila wiki alete muhtasari wa kurasa za mbele.

Sasa mbegu zilizopandwa mapema. Sura ya 69, Yosaku anamtaja Jinbe kwa sentensi chache anapoeleza habari za Arlong. Jinbe mwenyewe anaonekana Impel Down, zaidi ya sura 450 baadaye. Sura ya 100, mtu aliyejifunika kofia ya joho anamzuia Smoker, afisa wa jeshi la majini. Ni Dragon, na Garp anasema ni baba yake Luffy katika sura ya 432. Sura ya 154, Dk. Kureha analitaja jina la Mfalme wa Maharamia kuwa Gol D. Roger, na hapo ndipo ile herufi D inaanza kuwa swali la kitabu kizima.

Laboon ndiye wa kusomwa taratibu kuliko wote. Sura 102 hadi 105, nyangumi anapiga kichwa kwenye ukuta wa Red Line akiwasubiri maharamia waliomwacha miaka 50 iliyopita. Mara ya kwanza unaona ni kisa kidogo cha njiani. Soma tena ukijua kwamba Brook, anayejiunga na Luffy baadaye, ni mmoja wa wale waliomwacha, jambo linalokuja kufunguka Thriller Bark, na kwamba Crocus, mzee wa mnara wa taa, alikuwa daktari wa meli ya Roger, kama Rayleigh anavyosema Sabaody. Kila neno la Crocus linakuwa jipya. Watu wa pwani hii, ambao kuanzia Julai hadi Novemba nyangumi wenye nundu wanapita mbele yao, wana kila sababu ya kukaa na sura hizo nne.

Kuhusu kuruka Skypiea, hapana. Kabisa hapana.

Kwanza mtapoteza Jaya, ambako Luffy na Blackbeard wanakutana bila kujuana na kubishana juu ya mkate wa cheri. Akishaondoka, Nami anauliza "huyo" ni nani, Luffy anasema si "huyo", na Zoro anaongeza kwamba pengine ni "hao". Mara ya kwanza utadhani wanazungumzia wenzake. Nenda sasa sura ya 576 na 577, Blackbeard akitwaa nguvu za Whitebeard na kuwa na matunda mawili ya shetani (yale yanayompa mlaji nguvu za ajabu) kwa wakati mmoja, halafu rudi usome mstari ule. Pili, ni Jaya ndipo Sanji anataja kwamba kwao ni North Blue. Ukiunganisha na jina la "Mr. Prince" alilojipa Alabasta, Whole Cake haikushtui tena, inakuthibitishia. Tatu, ule usiku wa ngoma kuzunguka moto huko angani: tazama kivuli cha Luffy akicheza, kisha fungua 1044, tunda lake linapotajwa kwa jina lake la kweli, Hito Hito no Mi aina ya Nika. Mimi naona hiyo si bahati. Kabla ya 1044 someni vizuri 1017, Who's-Who anapoeleza jinsi tunda hilo lilivyoporwa na Shanks. Sura ya 1 yote inageuka.

JahaziLaKilwa
Korongo ameyamaliza ya watu, mimi nisemee ya chombo, maana naona haijatajwa na ni sababu nyingine ya kutoruka Skypiea.

Mfuateni Going Merry, meli ya kwanza ya kundi la Luffy, kama mhusika. Inatolewa sura ya 41 kijijini kwa Usopp. Ni karaveli, aina waliyoitumia Wareno karne ya 15 na 16. Halafu kila kisa wekeni alama ya jeraha. Kwa Laboon, Luffy anang'oa mlingoti anaukita kwenye kidonda cha nyangumi. Kwenye njia ya Drum, Wapol anatafuna mbao zake. Wakitoka Alabasta wanamiminiwa mikuki ya chuma na meli za Hina. Kisha Knock-Up Stream, mkondo wa maji unaofyatuka juu, inairusha mpaka mawinguni. Anayeitengeneza muda wote ni Usopp, ambaye si fundi, kwa mabati na misumari.

Water 7, Kaku anaikagua na kusema haitengenezeki: mkuku umeharibika. Wasomaji wengi hulalamika, mbona mafundi mabingwa washindwe? Muulizeni yeyote anayeunda majahazi pwani ya Kilwa. Mkuku ndio unaolazwa kwanza, mataruma yanasimamishwa juu yake, ndipo mbao za ubavuni zinafuata. Ubao wa ubavuni ukioza unabandua, unaweka mwingine na kukalafati. Kubadilisha mkuku ni kubomoa chombo chote, na utakachounda ni chombo kingine. Iceburg anaeleza hivyo hivyo. Ndiyo maana ugomvi wa Luffy na Usopp hauna mwenye makosa: nahodha yuko sahihi kuhusu chombo, na Usopp yuko sahihi kuhusu alichokiona Skypiea.

Alichokiona ni hiki. Usiku wa ukungu huko angani, anaona mtu akigonga nyundo kwenye meli, na asubuhi Merry imetengenezwa, tena kwa umbo lake la asili, bila yale mabawa ya kuku iliyobandikwa Jaya. Jambo hilo linaachwa hivyo hivyo hadi Franky anapolieleza Water 7: ni Klabautermann, roho ya chombo kilichopendwa. Mkiruka Skypiea, Merry inapokuja yenyewe kuwachukua Enies Lobby itaonekana muujiza wa kubumba. Mkiisoma, mtajua ilishawahi kusimama kwa miguu yake. Mazishi yake ni sura ya 430. Wiki hiyo msiongeze kitu kingine.

PamaLaShangani
Asanteni sana wakuu. Skypiea tunaisoma yote, hoja ya Merry imewanyamazisha waliotaka kuiruka. Limebaki moja: mgeni wetu tumwachanishe na mjadala kabisa, au kuna namna ya kukaa naye? Na sura mpya zinazotoka tukiwa bado nyuma tuzifanyeje?

MikindaniKusini
Fungueni makundi mawili ya WhatsApp. La kwanza ni la kisa cha wiki, na humo hakuna kutaja chochote kilicho mbele ya sura mliyofika, hata kwa fumbo, hata kwa emoji. La pili ni la mbegu na mavuno, la waliomaliza tu. Kosa linalojirudia ni mtu kumwambia mgeni "mkumbuke sana huyu". Umeshamharibia, maana sasa anajua huyo atarudi. Muacheni apuuze anachotaka kupuuza. Mgeni pia asitafute jina la mhusika mtandaoni. Akiandika "Ace" tu, mapendekezo ya utafutaji yatamwambia cha sura ya 574 kabla hajamaliza herufi.

Mkifika 597 pumzikeni wiki moja kabla ya upande wa pili, na siku hiyo wekeni jalada la juzuu ya 1 na la 61 pamoja mezani. Oda amelirudia lile la kwanza kwa makusudi, na mgeni wenu naye ataweza kulijadili bila kufichuliwa kitu.

BandoLaUsiku
Sura mpya kwenye MANGA Plus huingia Jumapili saa 12 jioni kwa saa za kwetu, isipokuwa wiki ambazo Oda anapumzika. Baada ya sura mpya tatu hivi huwa kuna mapumziko, programu inaonyesha tarehe inayofuata. Wanaofuatilia wasomee kundi la pili. Wekeni mjadala wa sura za zamani Jumamosi. Ukiuweka Jumapili usiku, nusu ya watu watakuja na habari za Elbaph vichwani na midomo itawaponyoka. Na sura tatu za mwisho ndizo za bure kila wakati, hizo mnaweza kuzirudia bila hofu. Zikishapitwa na nyingine, nazo zinaingia kwenye ile kanuni ya mara moja.