Shahada ya Historia katika chuo kikuu cha Kikristo: hufundishwa historia au hufundishwa imani?

Kijana wa Rungwe

Ndugu wanajamvi, wakubwa shikamooni.

Nimemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) na nakusudia kusoma shahada ya Sanaa na Elimu, Historia ikiwa somo langu la kwanza la kufundishia. Baba yangu ni mchungaji, naye angependa niende chuo kikuu kinachomilikiwa na Kanisa. Ametaja Makumira kule Usa River, Mtakatifu Yohana cha Dodoma, na hata Mtakatifu Augustino cha Mwanza ingawa ni cha Wakatoliki, si cha dhehebu letu. Mwalimu wangu wa Historia, ambaye namheshimu mno, ana maoni tofauti. Anasema kwamba katika vyuo vya namna hiyo mwanafunzi hupewa historia ya Kanisa iliyovikwa joho la taaluma, na kwamba uhusiano wa wamisionari na wakoloni hupitiwa harakaharaka ili asiudhike mtu.

Imani hainitishi, kwa kuwa nimelelewa ndani yake. Ninachohofia ni kumaliza miaka mitatu bila kujifunza kuhoji chanzo cha habari, hasa chanzo kilichoandikwa na watu ninaowaheshimu. Naomba waliosoma huko wanieleze hali ilivyo, na kama shahada hiyo ina uzito ule ule katika ajira.

Mwalimu wa Sengerema

Marahaba, mdogo wangu. La ajira lisikusumbue. Vyuo hivi vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, wanafunzi wake huomba mkopo katika Bodi ile ile ya Mikopo, na mimi mwenyewe nafundisha shule ya serikali kwa shahada niliyoipata chuo cha Kanisa.

Kuhusu hofu yako ya pili, nitakueleza namna tulivyofundishwa habari za Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa amri ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, maana hapo ndipo nilipotarajia kusikia mahubiri. Mhadhiri wetu alikuwa padre. Sisi sote, au tuseme Wakatoliki wote darasani, tuliijua tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake, na moto wa Namugongo. Padre hakuanzia hapo. Alianza miaka kama kumi nyuma, kwa Kabaka Mutesa, ambaye katikati ya miaka ya 1870 aliamuru kuuawa kwa vijana Waislamu wa ikulu yake waliokataa kula nyama ya wachinjaji wa Kabaka na kukataa kusali nyuma ya mtu asiyetahiriwa. Baada ya hapo ndipo akatufikisha mwaka 1885, wakati Wajerumani walipokuwa wakijitwalia nchi upande wa pwani, Askofu Hannington wa Kianglikana akaja kwa njia ya Busoga, mlango ambao Waganda waliuogopa, akauawa huko, na Kabaka Mwanga, kijana bado, akaona watumishi wa nyumba yake mwenyewe wakitii amri isiyokuwa yake. Akaendelea hadi vita vya dini vya 1888 hadi 1892, vita ambavyo makundi ya Wakatoliki na Waprotestanti yaliitana Wafransa na Wangereza, na hadi Mengo, makao ya Kabaka, Januari 1892, Lugard, afisa wa kampuni ya Kiingereza, alipotia bunduki zake upande mmoja.

Wenzetu wawili walilalamika kwamba anawapunguzia mashahidi heshima yao. Aliwajibu kwamba Misa ya tarehe 3 Juni angeiadhimisha kama kila mwaka, ila katika mtihani anataka kujua Kabaka aliogopa nini na kwa nini. Mtu aliyeandika kuhusu ushujaa peke yake alipata alama chache sana.

Binti wa Kilwa

Nashukuru kwa maelezo ya Mwalimu, lakini si kila chuo kina padre kama huyo. Mimi ni Mwislamu na nilisoma Historia katika chuo cha Kikristo ambacho sitakitaja. Hakuna aliyenishurutisha kuingia kanisani, hakuna aliyenidharau, na marafiki niliowapata kule ninao hadi leo. Yaliyosemwa darasani sikuwa na ugomvi nayo. Ugomvi wangu ulikuwa na yale yaliyoachwa.

Kilwa yetu, mji ambao Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331, mji uliofua sarafu zake na kushika biashara ya dhahabu ya Sofala, ilimalizwa katika kipindi kimoja. Pwani ilirudi tena tulipofika karne ya 19, na safari hiyo ilirudi kama soko la watumwa tu. Tulisoma kwa kirefu jinsi soko la Mkunazini, Unguja, lilivyofungwa mwaka 1873 na jinsi Waanglikana walivyojenga kanisa lao kuu mahali pale chini ya Askofu Steere. Ni kweli, na ni jambo la kusomwa. Lakini hatukuulizwa ni nani waliokuwa wakinunua karafuu na pembe za ndovu ambazo kazi ya watumwa ilizitoa, wala hatukusoma kuhusu watoto wa Bagamoyo, ambao mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika 1868, waliwakomboa kwa kuwanunua, kisha wakawaweka chini ya ratiba ya shamba, sala na nidhamu ambayo baadhi yao waliitoroka.

Habari hizo nilizipata maktabani, tena maktaba ya chuo hicho hicho. Vitabu vilikuwepo rafuni. Ni mhadhiri tu aliyekuwa hajavipangia wiki. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uombe muhtasari wa kozi kabla ya kujaza fomu, uangalie Uislamu umetengewa mada ngapi, na kama mada hizo zinahusu jambo lolote zaidi ya utumwa.

Mhadhiri Mstaafu

Hoja ya Binti wa Kilwa ni nzito, nami nimewahi kuiona kwa macho yangu katika mitaala niliyoombwa kuipitia. Naomba tu isichukuliwe kwamba chuo kisicho cha dini kimeepukana na ugonjwa huo. Idara ya Historia ya Dar es Salaam ya miaka ya 1960, ya akina Ranger, Kimambo na Iliffe, ilitufanyia kazi kubwa isiyosahaulika, lakini nayo ilikuwa na imani yake: kila upinzani wa zamani ulielekea kusomwa kama hatua ya safari ya kuelekea Uhuru, na yule ambaye hakuwa akielekea huko alikosa nafasi katika simulizi. Na kwa upande mwingine, Mwalimu Nyerere alifundisha Historia pale Pugu, shule ya Wakatoliki, hadi alipojiuzulu mwaka 1955, na sijasikia mtu yeyote akisema kwamba kufundisha huko kulimfanya awe mpole kwa wakoloni.

Kijana, kwa kuwa baba yako ametaja Makumira, nitachukua mfano wa karibu na hapo. Oktoba 1896, pale Akeri, chini ya Mlima Meru, wamisionari wawili wa Leipzig, misheni ya Kilutheri ya Ujerumani, Ovir na Segebrock, waliuawa na wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha; Wachaga waliofuatana na wamisionari hao nao waliuawa. Kanisa linawakumbuka kama mashahidi. Ukisoma barua za misheni peke yake, utaona vijana wawili wenye Injili mkononi waliovamiwa usiku bila kosa. Ukiongeza taarifa za serikali ya Kijerumani, utakuta kwamba Kapteni Johannes, afisa wa jeshi la Kijerumani, alikuwa na kambi ya askari jirani na hema zao, na kwamba kambi hiyo nayo ilishambuliwa. Ukiwasikiliza wazee wa Meru, simulizi haliishii kwenye makaburi mawili. Linaendelea hadi misafara ya adhabu iliyofuata, watu waliouawa, migomba iliyofyekwa na ng'ombe waliochukuliwa. Misheni iliporudi na kujenga Nkoaranga mwaka 1902, ilirudi katika nchi iliyokwisha kuvunjwa nguvu. Hakuna sababu ya mwanafunzi kuikana imani yake ili aviweke vyanzo hivi vitatu mezani pamoja, na mhadhiri anayemzuia kufanya hivyo hafundishi Historia, awe amevaa kola ya kichungaji au la.

Jambo ambalo siwezi kulikubali katika insha ya mwanafunzi ni Mungu kuwekwa kama sababu ya tukio. Si kwamba nakana majaliwa yake. Mimi ni mzee wa kanisa. Ni kwamba sababu hiyo inaeleza kila kitu kwa namna moja, ushindi na kushindwa, na hakuna nyaraka inayoweza kuithibitisha wala kuikanusha.

Ukitaka kupima chuo, uliza wanavyofundisha Rwanda. Mwaka 1994 watu walichinjwa ndani ya makanisa waliyokimbilia, Nyamata, Ntarama, na Nyange, ambako padre Athanase Seromba alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha kwa kuhusika na kubomolewa kwa kanisa lake likiwa na watu ndani. Mwaka 2017 Papa Francis mwenyewe aliomba msamaha kwa ajili ya makosa ya Kanisa na watu wake. Chuo cha Kikristo kinacholifundisha hilo bila kulikwepa, pamoja na namna wamisionari walivyosaidia kugandisha tofauti za Wahutu na Watutsi katika shule zao, nenda ukasome.

Kijana wa Rungwe

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Baba amesoma majibu haya nami, na la Akeri limemfanya akae kimya kwa muda. Nina swali moja lililobaki: hizo barua na kumbukumbu za misheni, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaruhusiwa kuzisoma, au ni za maprofesa?

Mhadhiri Mstaafu

Marahaba. Sehemu kubwa iko mbali: za CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, ziko Birmingham, za Mapadri Weupe, shirika la wamisionari wa Kikatoliki, ziko Roma. Lakini parokia na sharika za zamani zina madaftari ya ubatizo na ya ndoa, na hapo faida ya chuo cha Kanisa huonekana, kwa sababu barua ya utambulisho kutoka kwa mkuu wako wa idara hufungua kabati ambalo mtafiti mgeni angelisubiri kwa miezi. Daftari la ubatizo hukupa majina, umri, wazazi, mahali mtu alipotoka, na mara nyingine kwamba alikuwa mtumwa. Kizuizi kitakuwa lugha. Mapadri Weupe waliagizwa kuandika shajara ya kila siku katika kila kituo, nao waliandika kwa Kifaransa. Watu wa Leipzig waliandika kwa Kijerumani, tena kwa hati ya mkono ya zamani ambayo hata Mjerumani wa leo huhitaji kufundishwa kuisoma. Baba yako akiamua Mwanza, anza Kifaransa muhula wa kwanza. Akiamua Usa River, tafuta mchungaji mzee aliyesoma Ujerumani, umwombe akufundishe herufi zile.