Fundi kafunga spika tano, zote zinaimba kitu kimoja, halafu MIMI ndiye nikapime masikio?!

Mwana wa Pasua:

Wakuu salaam. Moderata naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa mafundi simu, haya ni mambo mengine kabisa.

Nimetoka kuwasindikiza wakwe stendi sasa hivi. Mikono bado inatetemeka, naandika hivyo hivyo, mkiona herufi zimerukana mnisamehe.

Huyu fundi mnamjua. Sitamtaja, lakini mnamjua. Tochi kichwani mchana kweupe, kalamu sikioni, bisibisi mfuko wa nyuma kama kitana. Ukimuuliza anafunga nini anakwambia "vyote". Moshi nzima hakuna sebule ambayo hajaingia akaacha waya unaning'inia.

Huyo ndiye aliyeniambia leo, ndani ya nyumba yangu, mbele ya baba mkwe: "Braza, kapime masikio."

Narudia. Mbele ya baba mkwe.

Miezi saba nimejinyima. Nikanunua kompyuta ndogo, kale kaboksi kanakoenea kiganjani, nikaweka Kodi, ile programu ya kuchezea muvi. Nikapata risiva ya mtumba, ile mashine ya kugawa sauti kwenye spika, yenye matundu ya HDMI (waya unaobeba picha na sauti pamoja), spika tano na sabufa yake. Nilichotaka ni kimoja tu: nikae kwenye kochi langu, helikopta itokee nyuma ya sikio la kushoto ipite juu iende kupotelea mbele kulia. Sikuomba kupelekwa mwezini.

Nikasema nisije nikaunguza kitu, nimpe mwenye kazi yake. Elfu sitini. SITINI! Nauli ya boda juu yangu, na chakula juu yangu, kala ndizi nyama sahani mbili akaomba na supu.

Jamaa kaja na waya mmoja. Ule mwembamba, huku pini ya hedifoni, kule vichwa viwili, chekundu na cheupe. Pini kaichomeka tundu la hedifoni la kompyuta, vile viwili nyuma ya risiva palipoandikwa CD, akabonyeza kitufe kwenye rimoti, spika zote tano zikalia. "Tayari bosi." Dakika ishirini hazijaisha. Waya wa HDMI niliomnunulia mpaka sasa uko ndani ya nailoni yake, haujafunguliwa.

Waya wa vichwa viwili unabeba sauti mbili, kushoto na kulia, basi. Kile kitufe kinazichukua hizo hizo mbili na kuzimwaga kila spika. Hiyo siyo 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, kila moja na sauti yake, hiyo ni redio ya baa iliyogawanywa mafungu matano!

Sasa leo. Jumapili, wakwe wameshuka kutoka Marangu, mara ya kwanza baba mkwe kukalia kochi langu. Nikampa katikati, penyewe. Muvi ikaanza. Mtu anaongea kwenye skrini, sauti inamtokea mzee mgongoni, maana fundi aliiweka spika ya nyuma kwenye stuli, sentimita arobaini kutoka kisogoni. Mzee akageuka. Akatazama mlango. Akasema, "Karibu."

Karibu! Kamkaribisha mtu aliye ndani ya TV! Mama mkwe akauliza ni nani kaja, mke wangu akainuka kuchukua kikombe kingine.

Nikampigia fundi, akaja. Nikamwambia piga magoti hapa nyuma ya kochi, tega sikio. Nikaweka lile faili la kupimia, linalotaja spika moja moja. Likataja ya katikati: zikalia zote tano kama kwaya ya kipaimara. Likataja nyuma kulia: zikalia tatu, ya mbele kulia, ya katikati na hiyo ya nyuma, kwa nguvu ile ile. Nikamuuliza, umesikia? Akajikuna chini ya ule mkanda wa tochi. Sebule kimya. Baba mkwe na glasi yake mkononi, hanywi.

Ndipo akasema. "Mbona zote zinalia? Kama wewe huzisikii, braza, kapime masikio."

Baba mkwe akaniangalia masikio. Wallahi nimemwona kwa macho yangu, kaangalia la kushoto, kahamia la kulia. Mzee aliyenipa binti yake! Usiku huu Marangu nzima inaambiwa mkwe wao ni kiziwi.

Hata hiyo elfu sitini abaki nayo. Nataka arudi, akae pale pale, aseme mbele ya mzee yule yule kwamba masikio yangu ni mazima.

Nawasilisha.

Kitochi:
Siti ya mbele kabisa. Karanga ninazo.

Mangi wa Rau:
HUYO NAMJUA. Wa tochi huyo! Alinifungia dishi. Huku kwetu setilaiti iko karibu na utosi, dishi linatakiwa litazame juu kama beseni la kukinga mvua. Yeye kalisimamisha wima likautazama mlima. Chenga wiki mbili. Nikimuuliza, anasema mawingu ya Kibo yakitoka itashika.

Chalii wa Sakina:
Acheni kujimilikisha watu, huyo jamaa yuko Arusha. Tochi, kalamu, bisibisi nyuma, ndiye yeye. Kanifungia redio ya gari, nikikanyaga breki inabadilisha stesheni.

Mangi wa Rau:
@Chalii wa Sakina atakuwa anakuja kwenu na Noah ya asubuhi. Kilomita themanini tu.

Sabufa ya Jirani:
Mkuu swali moja. Muvi yenyewe ilikuwa ya kutafsiriwa? Maana kama ni ile jamaa kaingiza sauti yake juu kwa maiki moja, hata ufunge spika hamsini sauti ni ile ile. Usije ukawa umemwonea fundi wa watu bure 😂

Mwana wa Pasua:
Haikuwa ya kutafsiriwa!! Ina sauti ya chaneli sita, nimeihakiki mwenyewe. Na hata ingekuwa ya kutafsiriwa, ndiyo aniambie nikapime masikio mbele ya baba mkwe?

Fundi Mstaafu:
Kijana tulia nikusaidie. Ung'oe huo waya wa hedifoni. HDMI itoke kompyuta iingie risiva, nyingine itoke risiva iende TV. HDMI inabeba mpaka chaneli nane za sauti bila kuibana. Usiipeleke TV kwanza halafu ukarudi risiva kwa ule waya wa mwanga wenye taa nyekundu. TV nyingi hapo zinakubania, unabaki na mbili. Na waya wa mwanga wenyewe 5.1 unaipitisha ikiwa imebanwa tu, kwa Dolby Digital au DTS, hizo ni namna za kuibana sauti ienee kwenye waya.

Kisha ingia setingi za sauti za Windows uchague 5.1 kwa mkono wako, ikiachwa ilivyo mara nyingi inakaa stirio, zile sauti mbili tu. Kwenye Kodi nako weka chaneli 5.1, au ruhusu sauti ipite kama ilivyo, risiva ifanye kazi ya kuifungua. Halafu kizime hicho kitufe chake.

Spika za nyuma si za kisogoni. Zinakaa pembeni kwa nyuma kidogo, ukihesabu kutoka mbele ya pua yako ni nyuzi 110 mpaka 120 kila upande, juu kidogo ya usawa wa sikio. Sentimita arobaini kutoka kisogoni hata mimi ningesema karibu.

Mwana wa Pasua:
Mzee wangu shikamoo na asante, kesho nafanya hivyo hivyo. Lakini hujaligusa lenyewe. Nyaya zitakaa sawa. Lile neno nalitoaje kwenye kichwa cha baba mkwe?

Binti Kilema:
Kaka pole. Ila waya wa HDMI unao, ndani ya nailoni, tundu la HDMI unaliona, limeandikwa HDMI. Ukaita mtu kwa elfu sitini na sahani mbili za ndizi?

Kitochi:
Na supu.

Chalii wa Sakina:
Kapigwa huyu, basi tu hataki kusema 😂😂

Sabufa ya Jirani:
Mimi niseme langu, maana mada ni sauti. Jirani yangu ana sabufa kubwa kuliko friji. Kaiegemeza ukuta tunaochangia, tena kwenye kona. Kila ikifika saa nne usiku vikombe vyangu vinatembea kabatini. Juzi kimoja kimefika ukingoni kikajirusha. Nikimgongea hasikii.

Fundi Mstaafu:
Kona ndiyo inaikuza besi. Mwambie aivute mita moja tu kutoka kwenye ukuta na chini aweke kipande cha godoro. Mtaelewana.

Sabufa ya Jirani:
Nimwambie vipi na hasikii?

Mwana wa Pasua:
Huyo ndiye wa kupima masikio, siyo mimi.

Mama Wawili Majengo:
Afadhali nyinyi mna mafundi wanaokuja. Mimi seremala wangu mnamjua pia, yule wa "njoo Alhamisi". Nilimwagiza kabati la TV lenye chumba cha kuweka kompyuta kama hiyo ya kaka hapo juu. Kaja nalo baada ya miezi minne, mninga safi, lakini chumba hakina tundu hata la sindano! Waya utapita wapi? Akasema "mama, toboa ukifika nyumbani." Nitoboe na nini, uma? Sasa kompyuta nimeifungia humo, mlango wazi, ikifika nusu saa muvi inaanza kukwamakwama.

Mangi wa Rau:
Joto hilo. Ikichemka inajipunguzia mwendo yenyewe. Tengenezea matundu chini na juu, hewa baridi iingie chini, ya moto itokee juu.

Mtaalamu wa Njiro:
Si lazima joto. Muvi nyingi ni picha 24 kwa sekunde, TV inaonyesha mara 60. Sitini haigawanyiki kwa 24 ikaisha, kwa hiyo picha moja inarudiwa mara tatu, inayofuata mara mbili, tatu, mbili. Kamera ikizunguka taratibu unaona inashtuka. Kwenye Kodi kuna mahali pa kuiambia ifuate mwendo wa video. Washa hapo.

Mangi wa Rau:
Kasema ikifika NUSU SAA. Hizo 24 zako zinasubiri nusu saa?

Mtaalamu wa Njiro:
Nimesema si lazima. Soma.

Mangi wa Rau:
Watu wa Arusha bwana, mtu analia kuhusu kabati, ninyi mnaleta hesabu.

Chalii wa Sakina:
Na watu wa Moshi kabati halina tundu, mnashangaa nini, bei ya tundu si alikuwa hajailipia 😂

Mama Wawili Majengo:
Nililipa yote! Kabla!

Binti Kilema:
Hapo ndipo ulipokosea dada. Fundi hapewi yote. Nusu, na nusu ukiona kitu.

Mzee wa Metropole:
Wanangu, sisi tulikuwa tunaenda sinema Metropole pale Arusha, suruali bwaga, viatu vimepigwa rangi. Sauti inatoka nyuma ya pazia lenyewe, ndiyo maana kile kitambaa kina vitobo vidogo vidogo, mkikikaribia mtaviona. Mtu akiongea, inatoka mdomoni mwake. Haikuzunguka chumba na hatukuwahi kumkaribisha mtu.

Kitochi:
Mzee 😂😂😂

Mwana wa Pasua:
Wakuu turudi kwenye mada basi. Mke wangu ametuma ujumbe sasa hivi, yuko chumba cha pili. Anasema mama yake amepiga simu, wamefika salama, na baba anauliza KCMC kliniki ya masikio ni siku gani. MNAONA ALICHONIFANYIA?

Sabufa ya Jirani:
Muulize na ya jirani yangu hapo hapo.

Mama Wawili Majengo:
Kaka pole, ila hilo la kutoa nusu nimelichukua. Maana kuna na kitanda nimemwagiza.

Binti Kilema:
Huyo huyo?

Mama Wawili Majengo:
Mbao zake nzuri.

Chalii wa Sakina:
Mama umelipa ngapi ya kitanda?

Mama Wawili Majengo:
Yote. Alisema Alhamisi.

Mangi wa Rau:
Aisee. Ni futi tano kwa sita au sita kwa sita?