Wauza kompyuta za gemu Dodoma, acheni kuwabebesha wanafunzi kadi feki

Wakuu habari zenu.

Nina hasira na sitaificha. Hapa mjini kuna watu wanauza kompyuta za gemu zenye kadi za grafiki feki. Wanajua ni feki, wanachagua kuziuza kwa vijana wasio na mtu wa kuwauliza, na wakifuatwa wanakuwa wakali kuliko aliyelizwa. Duka sitalitaja, maana mchezo wenyewe haufanyiki duka moja.

Kisa ni hiki. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma chuo hapahapa Dodoma. Alijibana na bumu, akaongezea hela ya kuwachapia wenzake ripoti za fildi, akafikisha laki tisa na nusu. Akanunua mashine iliyobandikwa kikaratasi: prosesa Core i7, RAM 16GB, kadi ya grafiki ya Nvidia GTX 1050 Ti 4GB. Muuzaji akamwambia, "Dogo, hapa gemu zote zinapiga, ila draiva usiiguse. Ukiigusa tu, garantii imekufa."

Shikeni hilo la draiva, yaani programu inayoiunganisha Windows na kadi, nitalirudia.

Mashine ikaletwa kwangu Nkuhungu. Gemu ikianza inakwenda vizuri kidogo, halafu skrini inajaa mistari ya kijani na zambarau, kisha kila kitu kinazima. Nikafungua kasha. Kwenye mgongo wa kadi kuna tundu la VGA, lile la bluu la pini 15. Sasa GTX 1050 Ti ilitoka Oktoba 2016, kizazi cha Pascal, na chipu za kizazi kile hazitoi tena picha ya analojia. Ukikuta VGA kwenye kadi inayoitwa 1050 Ti, simama hapohapo, kwa sababu labda kiwanda kiliongeza kibadilishaji, lakini uwezekano mkubwa ni kwamba unapigwa. Nikafungua skrubu za feni, nikafuta ile pesti iliyokauka kwa spiriti, nikamulika chipu kwa tochi ya simu. Imeandikwa GF116. Ya 1050 Ti inatakiwa kuwa GP107.

GF116 ndiyo chipu ya GTX 550 Ti, kadi ya Machi 2011. Ina kori (vitengo vya kukokotoa) 192 wakati 1050 Ti ina 768. Inakula wati 116 wakati 1050 Ti inakula 75, kwa hiyo kijana kauziwa kitu chenye nguvu ndogo zaidi na joto kubwa zaidi. Wanachofanya ni kufuta BIOS ya kadi, ile programu ya ndani inayoitambulisha, na kuandika nyingine juu yake, ili Windows isome jina la uongo na GB 4 za uongo. Kumbukumbu iliyopo kweli kwenye ile kadi ni GB 1. Gemu ikishaijaza hiyo inaendelea kuandika mahali ambapo hapapo, na ndiyo maana ya ile mistari.

Na draiva? Nvidia waliacha kutoa draiva mpya za gemu kwa kizazi cha Fermi, ndicho cha hiyo GF116, mwaka 2018. Ukishusha draiva mpya ya 1050 Ti ukaiweka, inakutana na chipu isiyoifahamu na picha inaharibika au haiji kabisa. Kwa hiyo mtu anayekukataza kugusa draiva anajua alichokuuzia. Hawezi kuniambia na yeye alidanganywa Kariakoo. Aliyedanganywa hana sababu ya kutoa onyo hilo.

Tulirudi dukani mimi na dogo. Nikaiwasha GPU-Z mbele ya muuzaji, programu ya bure ya kukagua kadi, na tangu 2018 inaweka neno FAKE mbele ya jina la kadi za namna hii. Likatokea pale kwenye monita yake mwenyewe. Akatazama, akasema, "Mbona inawaka? Bidhaa ikishatoka hairudi, someni risiti." Mteja mwingine alipoingia akapandisha sauti, akamwita dogo mwanafunzi msumbufu. Mtoto wa watu aliyelala njaa kukusanya ile hela anaitwa msumbufu! Niliondoka pale mikono inatetemeka.

Maandishi ya kwenye risiti hayafuti uongo wa kwenye kikaratasi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Umeandika 1050 Ti, toa 1050 Ti. Na Tume ya Ushindani ina kazi ya kushughulikia bidhaa bandia, ndiko tunakopeleka kadi hii pamoja na risiti na picha za chipu.

Kadi yenyewe ni sehemu tu ya tatizo. Hiyo "Core i7" ni i7-2600, ya mwaka 2011, inakaa kwenye mazabodi ya RAM za DDR3. Vijana wengi wanaamini i7 ni i7, na wauzaji wanakula hapo. Tazameni tarakimu zinazofuata baada ya kistari: 2600 ni kizazi cha pili, 4770 cha nne, 8700 cha nane, 12100 cha kumi na mbili. Core i3-12100F ya 2022 ina kori 4 na thredi 8, sawasawa na i7-2600, na kila kori yake inaiacha mbali ile ya zamani. Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha nane pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na Microsoft waliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Zipo gemu za mtandaoni, Valorant ikiwemo, ambazo kwenye Windows 11 hazifunguki bila TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi wa kompyuta inapowaka. Kijana anauziwa i7 leo, kesho gemu anayocheza na wenzake hosteli inamkataa.

Sasa pawa saplai, ambayo ndiyo inaniogopesha. Ubavuni imeandikwa 600W kwa herufi kubwa. Soma jedwali dogo lililo chini ya hizo herufi. Kwenye mstari wa volti 12, ambao ndio unaolisha kadi na prosesa, palikuwa na ampea 16. Zidisha 12 kwa 16, unapata wati 192. Hizo 600 ziko wapi? Pawa saplai ya kweli ya wati 450 inatoa ampea zaidi ya 30 kwenye mstari huo. Hii ya dogo ukiibeba ni nyepesi kiasi kwamba unajua ndani hamna kitu, na imefungwa kwenye mashine yenye kadi ya wati 116 na prosesa ya wati 95. Umeme wetu unakatika na kurudi kwa kishindo, kiangazi hiki vumbi linaingia kila upenyo, na kasha lenyewe mbele ni kioo kitupu chenye taa za rangi, hewa haina pa kupita. Mtu analala chumba kimoja na hiyo mashine, godoro liko pembeni.

Wengine wanachukua mashine za ofisi zilizotumika, OptiPlex au EliteDesk zile nyembamba, zenye pawa saplai ya wati 240 isiyo na waya wa kadi, wanaunga kiunganishi cha Molex, plagi ya zamani ya diski, kulisha kadi kubwa. Mafundi mnaofanya hivyo mnajua hatari yake. Nawaomba muache.

Sikieni na hili la RX 580, kadi ya grafiki ya AMD. Zipo nyingi sokoni tangu sarafu ya mtandaoni ya Ethereum iache kuchimbwa kwa kadi za grafiki Septemba 2022, watu wakauza kadi zilizofanya kazi usiku na mchana. Kununua kadi ya mgodini si dhambi, ikiwa bei ni ya hivyo na umeambiwa. Ila kuna toleo la 2048SP, yaani lenye kori 2048, lililotoka 2018 kwa soko la China. Kiuhalisia ni RX 570 iliyobadilishwa jina, kwa kuwa RX 580 yenyewe ina kori 2304. Hapa mjini zote zinauzwa bei moja.

Kwa laki tisa na nusu yule dogo angeweza kutendewa haki. Angeuziwa mashine ya ofisi iliyotumika yenye i5-8500, kasha refu lisilo jembamba, RAM mbili za 8GB badala ya moja ya 16GB ili zifanye kazi kwa pamoja, SSD ndogo, na akaambiwa ukweli kwamba hela iliyobaki haitoshi kadi kwa sasa, asubiri bumu lijalo anunue GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada. Hasa sasa ambapo bei ya RAM imepaa tangu mwishoni mwa 2025, angeambiwa asiharakishe. Anayejenga kuanzia sifuri na mfuko mwembamba, prosesa ya Ryzen 5 5600G ina grafiki yake ndani. Unaanza kucheza gemu nyepesi bila kadi yoyote, ukipata hela unaongeza. Muuzaji anayesema hivyo anapata faida yake na mteja anarudi. Ila wao wameona ni rahisi kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia.

Ninachodai kwa wauzaji wa Dodoma, kuanzia katikati ya mji hadi wale wa karibu na vyuo: modeli kamili ya prosesa, ya kadi na ya pawa saplai iandikwe kwenye risiti ya EFD, maana "i7 yenye graphics" si bidhaa. Mteja aruhusiwe kuwasha GPU-Z na kucheza gemu nusu saa palepale dukani kabla hajatoa hela. Ukikataa hilo, watu wajue kwa nini unakataa. Na kadi ikithibitika feki, hela irudi yote, si "chagua kitu kingine humu dukani".

Waliopigwa kama mdogo wangu, wekeni hapa picha ya mgongo wa kadi na picha ya GPU-Z, ficheni jina na namba za simu kwenye risiti. Nakusanya ili tupeleke malalamiko kwa pamoja, maana mmoja mmoja wanatufukuza. Na anayejua duka au fundi hapa mjini anayeandika modeli kamili na kuruhusu kupima, amtaje, hela za vijana ziende kwake.