Mkahawa wa Kithai hapa Tudor: ati papai bichi limekosekana Mombasa?

Jameni, naandika huu uzi tumbo bado languruma, na si kwa njaa.

Mtaani kwetu Tudor kumefunguliwa mkahawa wa chakula cha Kithai. Jina silitaji. Wa mtaani mshaujua, ule wenye taa za karatasi na ndovu wa plasta mlangoni. Wiki tatu nimeupita nikijizuia, maana chakula hicho mimi nakijua. Nimefanya kazi jikoni melini, na kila tulipofunga bandari ya Laem Chabang, kule Thailand, mimi na mpishi mwenzangu tulikuwa hatulali: twatoka getini kumtafuta mama wa kando ya barabara mwenye kinu. Basi Ijumaa nikamwambia mke wangu, leo usipike.

Tukaanza na som tam. Kwa asiyeijua, ni papai bichi lililokatwa nyembamba kama nyuzi, likapondwapondwa kinuni na thomu, pilipili, ndimu, maji ya dagaa waliolazwa kwenye chumvi (wao huyaita nam pla) na sukari ya mvumo au ya mnazi. Ndiyo, maji yale yale ya mnazi ambayo huku kwetu huishia kuwa tembo, wenzetu huyapika yakawa sukari. Tulicholetewa ni kabeji na karoti vilivyomwagiwa siki. Nikamuuliza kijana, papai liko wapi? "Ankal, mapapai mabichi ni shida kupata."

Yakhe! Pale nilipokaa, nikiinua macho juu ya ukuta wao, nauona mpapai wa jirani umebeba mpaka umeinama!

Na pilipili je? Hata chembe. Kijana, maskini, akanieleza kwamba meneja ameagiza ipunguzwe kwa sababu wateja wa hapa hawaiwezi. Wateja wa hapa wapi? Sisi tuliokuzwa kwa embe bichi la chumvi na pilipili nje ya lango la skuli? Sisi ambao mhogo wa Lighthouse ukikosa pilipili na ndimu twamrudishia mwenyewe? Pilipili yenyewe asili yake ni Amerika, na Wareno ndio wanaotajwa kuivusha bahari kuileta pande hizi, hao hao walioanza kujenga Fort Jesus 1593. Mthai na Mswahili wameipata kwa mtu mmoja. Leo nipunguziwe kama mtoto anayeachishwa ziwa?

Pad thai, shilingi 1,250, ilikuja ni spageti. Spageti kabisa, ya ngano, na tomato sosi. Mlo ule hupikwa kwa tambi za mchele, na uchachu wake ni wa ukwaju. Serikali ya waziri mkuu wao Phibun Songkhram iliusukuma makusudi, zama zile nchi ilipobadilishwa jina kutoka Siam ikawa Thailand mwaka 1939, uwe chakula cha taifa. Sasa ukwaju, jamani, ukwaju! Nenda Marikiti ukaangalie umerundikwa vipi. Mtoto wa viazi karai pale kona ana chupa nzima ya chatne ya ukwaju, na yeye hana ndovu mlangoni.

Supu ya tom yum sitaki kuisema sana. Menyu yajigamba kwamba iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO 2024, na hilo ni kweli. Lakini iliyoingizwa ni ya kamba, na waliokuwa kwenye bakuli langu walikuwa watatu, saizi ya chambo. Mchaichai waliutia, nikiri.

Kilichonipandisha damu ni massaman. Nilimchagulia mke wangu kwa sababu ni mchuzi ambao hata jina lake lahusishwa na Waislamu wa kule: nyama, viazi, njugu, mdalasini, iliki, karafuu, vyote ndani ya tui zito. Nikasema huyu wa Mji wa Kale atajiona yuko kwao. Kabla hajagusa akamuuliza kijana, nyama hii ni halali? "Nafikiri hivyo, mamangu." Nafikiri! Mombasa! Akaenda kuuliza jikoni, akakaa dakika kumi, akarudi na jibu kwamba mpishi ametoka kidogo. Na nyuma ya menyu wana nyama ya nguruwe kwa majani ya rehani, iliyopikwa kwenye karai hilo hilo kwa ninavyojua mimi jikoni zilivyo. Sisemi msiiuze. Nasema mtu akiuliza, ajibiwe.

Mke wangu akachovya kijiko kwenye tui tu, akaonja, akakirudisha. "Hili ni la pakiti. Huyu hajui kasimile ni nini." Kasimile ndilo tui zito la kwanza, na kwake mtu hatusiwi zaidi ya hapo.

Embe na wali wa kunata tuliuacha. Jirani yetu wa meza aliuagiza, tukauona: wali wa kawaida uliopondeka na embe la mkebe. Sikusema neno. Nilikumbuka tu maboribo yaliyokuwa kikapuni nyumbani.

Hesabu: shilingi 4,930, na ushuru wa 16% umeongezwa juu ya bei za kwenye menyu. Nikamtaka meneja. Akanipa karatasi ya maoni na kalamu isiyoandika.

Vijana wahudumu sina neno nao, wana adabu. Ugomvi wangu ni na aliyekuja pwani, penye nazi, ndimu, mchaichai, kamba na papai mlangoni, akaona atuuzie spageti kwa sababu hatutajua.

Risiti ninayo. Aliyekula pale akapewa papai, aje aseme ilikuwa siku gani.