Fosfatesi ya kwenye maziwa na ALP ya kwenye majibu ya damu, ni kitu kimoja?

MpimaMaziwa:
Habari za leo wakuu. Nipo kwenye kiwanda kidogo cha maziwa, kemia sikuisoma sana ila kipimo cha fosfatesi ndo kazi yangu ya kila siku, unachukua maziwa yaliyotoka kupasteurishwa (kupashwa moto wa kuua vijidudu) unachanganya na ile dawa unaacha kwenye maji ya moto wa wastani, yakigeuka njano basi hayajaiva au yamechanganyika na mabichi, mzigo unarudi kwenye mashine. Kwa hiyo kwangu mimi fosfatesi ikionekana tu ni balaa. Sasa mtoto wa dada yangu, wa kiume miaka 13, tumbo lilikuwa linamsumbua wakampima damu, majibu yametoka ALP 390 na pembeni kuna kamshale kanaangalia juu, wameandika kawaida ni 40 mpaka 130. Kuuliza ALP ni nini naambiwa ni fosfatesi ya alkali. Nikaishiwa nguvu. Halafu nanunua chakula cha kuku naona kwenye mfuko wameandika kimewekewa faitesi, muuzaji anasema nayo ni jamii hiyohiyo ya fosfatesi na wanaiweka makusudi! Sasa nishike lipi, mbona sisi tunaiua, hospitali wanaiogopa, kwenye kuku wanainunua?

Kibaraza:
390 wakati mwisho ni 130? Hilo ni ini mkuu, wahi mapema, mtafutie mwarobaini achemshe anywe asubuhi na jioni.

LabuYaWilaya:
Kibaraza punguza, usimtishe mwenzio kwa kamshale. Na mwarobaini kwa mtoto ambaye hata ini halijathibitika tuache.

MpimaMaziwa, fosfatesi sio kitu kimoja. Kimeng'enya chochote ambacho kazi yake ni kuondoa fosfeti kwenye molekuli nyingine kwa msaada wa maji kinaitwa fosfatesi, ni kama kusema dereva, yupo wa bodaboda na yupo wa treni. Ila hizi mbili zako za maziwa na za damu kweli ni ukoo mmoja, zote ni za alkali, maana yake zinachapa kazi vizuri mazingira yakiwa mbali na asidi, na zote katikati zina madini ya zinki na magnesiamu. Ndo maana sisi lab damu ya ALP hatuchukui kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, ile dawa ya kuzuia damu isigande inanyakua hayo madini na kimeng'enya kinazima, unapata majibu ya chini ya uongo.

Sasa kwa mtoto. ALP ya kwenye damu inatoka zaidi kwenye ini na kwenye mifupa. Seli zinazojenga mfupa zinaibeba juu ya ngozi yao kwa sababu kuna kitu kinaitwa pairofosfeti ambacho kinazuia madini yasigande kwenye mfupa, ALP inakivunja, kizuizi kinaondoka, mfupa unakomaa. Hili lilianza kujulikana zamani, Robert Robison aliandika habari za kimeng'enya cha mifupa mwaka 1923 kule London. Kwa hiyo kijana wa miaka 13 anayerefuka kila mwezi suruali inamkataa, ALP yake kuwa mara tatu ya mtu mzima ni kitu tunakiona kila siku. Hiyo 40 mpaka 130 ni ya watu wazima, mashine nyingi zinachapa hiyohiyo kwa kila mtu, na kamshale kanajiweka kenyewe. Wajawazito wa miezi ya mwisho nao inapanda, kondo la nyuma linatengeneza ya kwake. Na kuna watu wa grupu O na B ambao wakila mlo wenye mafuta, ALP ya utumbo nayo inaingia kwenye damu inapandisha kidogo.

Inatupa wasiwasi ikiwa juu pamoja na GGT (kimeng'enya kingine cha ini) na bilirubini (ile rangi ya njano ya nyongo), hapo tunafikiria mirija ya nyongo imeziba. Ikiwa juu na miguu ya mtoto inapinda tunafikiria matege. Na usidhani kuwa chini ndo salama, kuna ugonjwa wa kurithi ambao ALP haifanyi kazi, meno ya utoto yanang'oka mapema na mizizi yake na mifupa inakuwa laini, dawa ya kuwapa kimeng'enya chenyewe imeruhusiwa 2015 na bei yake tusiizungumze. Angalia kwenye karatasi GGT, ALT (nacho ni kimeng'enya cha ini) na bilirubini zinasemaje urudi hapa.

KukuNaMahindi:
Nijibu la kuku maana hapo ndo pangu. Kwenye mahindi, soya na pumba, fosforasi nyingi, kama theluthi mbili hivi, imefungiwa ndani ya kitu kinaitwa faiteti. Kuku na nguruwe matumboni mwao hawana faitesi ya kutosha kuifungua, kwa hiyo unamlishia fosforasi anainya nje, wewe unanunua tena DCP (madini ya kalsiamu na fosforasi ya dukani) au unga wa mifupa kufidia, na ile ya kwenye mbolea mvua ikinyesha inaenda mtoni inalisha magugu na mwani. Ng'ombe na mbuzi hawana shida hiyo, bakteria wa tumboni kwao wanaifanya kazi bure. Waholanzi ndo walianza kuuza faitesi ya viwandani mwaka 1991, inatengenezwa na ukungu, wao walikuwa wanabanwa kwa uchafuzi wa mbolea ya nguruwe. Mimi tangu nianze kutumia chakula chenye hiyo kitu DCP nimepunguza, ila kwa maelekezo ya mtaalamu, usipunguze kwa kukisia maganda ya mayai yatakuaibisha. Na angalia kama chakula ni cha punje zilizoshindiliwa kwa moto, joto likizidi faitesi inakufa kama hawakuifunika vizuri.

Faiteti hiyohiyo ndo inashika chuma na zinki kwenye chakula chetu sisi. Bibi zetu kuloweka maharage na kuchachusha unga wa uji walikuwa wanaamsha vimeng'enya vya mbegu yenyewe na vya bakteria vikaipunguza. Mbegu ikichipua nayo inafanya hivyo, ile fosforasi mmea mama uliiwekea akiba.

Ngamia254:
Niongeze kutoka huku Isiolo. Sisi ni maziwa ya ngamia, tulifunzwa kabisa hiyo test ya fosfatesi usiitegemee, ALP ya ngamia inavumilia moto kuliko ya ng'ombe, unaeza pasteurise vizuri kabisa na bado rangi inatokea. Mtu akikukatalia maziwa ya ngamia kwa hiyo test mwambie atafute kipimo kingine, kuna wanaotumia GGT ya kwenye maziwa.

MpimaMaziwa:
Aisee asanteni. Ngamia254 hilo ndo kwanza nalisikia. LabuYaWilaya, nimeangalia, GGT 18, ALT 22, bilirubini haina mshale. Ila bado sijaelewa, kama fosfatesi ya maziwa haina ubaya kwa nini tunaiwinda?

LabuYaWilaya:
Basi ini la kijana liko sawa kwa karatasi hiyo, ALP ni ya mifupa. Mrudisheni kwa daktari kwa ajili ya tumbo lenyewe, apimwe choo na aulizwe vizuri, ALP isiwapotezee muda.

Kuhusu maziwa, ng'ombe mzima kabisa maziwa yake yana ALP, ukiinywa inasagwa kama protini nyingine. Iliteuliwa kwa sababu ya uvumilivu wake wa joto. Ule moto wa nyuzi 63 kwa dakika 30 au 72 kwa sekunde 15 unaua bakteria wa TB ya ng'ombe, na ALP inahitaji moto mkali kidogo kuliko huyo bakteria ndo ife. Kwa hiyo kama ALP imekufa, TB ilishatangulia. Kupima TB yenyewe kungekuchukua wiki nyingi, rangi unaiona siku hiyohiyo.

BayoMwakaWaTatu:
Wakuu mnazungumzia ya alkali tu na mada ni tamu zaidi ya hapo. Ndani ya seli zetu kuna vimeng'enya vinaitwa kinesi vinavyobandika fosfeti kwenye protini na fosfatesi zinazobandua, kuwasha na kuzima, Krebs na Fischer walipata Nobel 1992 kwa hiyo habari. Mtu aliyepandikizwa figo anakunywa saiklosporini au takrolimasi, zote zinazuia fosfatesi moja inaitwa kalsinyurini, bila hiyo seli za kinga haziamki kuishambulia figo mpya. Ile PTEN mnayoisikia kwenye saratani nayo ni fosfatesi, ikiharibika breki ya seli inalegea. Bakteria wa tauni ana fosfatesi yake anaidunga ndani ya seli za kinga anazivuruga mawasiliano, wa TB naye ana zake. Na wale wa kando ya Ziwa Victoria, yale maji yakigeuka kijani kama rangi ya mlango msiyachote hata kwa kunyweshea ng'ombe, sumu ya baadhi ya wale bakteria wa kijani inaingia kwenye ini na kuzima fosfatesi mbili kubwa, kuchemsha hakuiondoi.

KukuNaMahindi:
Dogo umesahau shamba. Mizizi nayo inatoa fosfatesi ya asidi kwenye udongo ikiona njaa ya fosforasi, ila inafungua ile iliyo kwenye mabaki ya mimea na samadi tu. Iliyonaswa na chuma kwenye udongo mwekundu fosfatesi haiigusi, kwa hiyo msiache samadi mkidhani mzizi utajitegemea.

MpimaMaziwa:
La mwisho nisiwachoshe. Krimu yetu ikitoka kwenye mashine inapita kipimo safi, ikikaa siku kadhaa mteja akipima inakuja njano, anatuambia tumechanganya na mbichi. Tunapasha zaidi ya 80 kwa muda mfupi.

LabuYaWilaya:
Hiyo inajulikana, na krimu ndo inaongoza. Ukipasha moto mkali kwa muda mfupi sana ALP inaweza kujikunja vibaya bila kufa kabisa, ikikaa hasa mahali pasipo na baridi ya kutosha inajikunja upya inaanza kazi. Pimeni siku ileile mkiandika tarehe na saa, hifadhini kwa baridi, na mteja akibisha kuna kipimo cha kuongeza magnesiamu kwenye sampuli, iliyozinduka inapanda sana kuliko ya maziwa mabichi. Mwambie apeleke maabara yenye hicho kipimo kabla hajawakata hela.